Ati, Kupima Damu si Kazi ya Msomi?



Mimi si mtu wa kupenda ugomvi na wazee wa shirika langu. Wengi wao walinishika mkono nilipokuwa mtoto, na mmoja wao ndiye aliyenisimamia siku ya Kipaimara. Walakini maneno niliyoyasikia hapa Mushaki baada ya Misa, pale nje ya kanisa ambapo watu hukawia kuulizana habari na bei ya ng'ombe, siwezi kuyanyamazia. Nikinyamaza itakuwa nimekubali, nami sikubali hata kidogo.

Habari yenyewe ni hii. Binti mmoja wa parokia yetu amepata diploma yake ya Serkali, naye alisoma upande wa biolojia na kemia. Hakuipata kwa raha. Vita vilipofika Mushaki mwezi wa Februari 2023, jamaa yake walikimbilia Sake, kisha Goma, wakaishi chini ya turubai kama wengi wetu tulivyoishi. Desemba ya mwaka ule ule vita vikarudi. Katika mambo hayo yote yeye alibeba madaftari yake ndani ya sufuria, yasilowe. Sasa ataka kuingia chuo kikuu kusoma sayansi za biomedikali, yaani elimu ya mwili wa mtu: jinsi ulivyoumbwa, jinsi unavyofanya kazi, na jinsi unavyougua. Baba yake hawezi kulipa peke yake. Akaliomba shirika limsaidie, kama tunavyosaidiana kwa mazishi na kwa arusi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja akasema: "Miaka saba! Ng'ombe watakwisha, naye ataolewa mbali, na faida itakuwa ya ukoo mwingine." Mwingine, naye ni mtu aliyesoma kidogo, akasema neno lililowachekesha wote: "Na akishindwa udaktari katikati ya njia atakuwa nani? Mchoma vidole!" Wa tatu akafunga shauri: "Tena hayo mambo ya kupima-pima ni ya nini? Ugonjwa twaujua. Kama si malaria ni tifo. Dawa ziko dukani."

Nitawajibu, wala si kwa utaratibu mzuri, maana hasira haina utaratibu. Nianze na neno lile la mwisho. Yale mengine yapoteza fedha tu, bali hili lapoteza watu.

Katika milima yetu ya Masisi mtu akipata homa, hata kabla hajaketi, amekwisha kuambiwa: "Ni malaria na tifo." Magonjwa hayo mawili yamekuwa kama mume na mke, hayatembei mbalimbali. Tena twajua sote kwamba Mushaki iko juu, kuna baridi, na mbu wetu si wengi kama wale wa Walikale katika msitu wa joto. Haidhuru: ni malaria. Mtoto akikohoa, malaria na tifo. Mama akiumwa mgongo baada ya kulima, tifo imeingia mgongoni. Babu amechoka kwa sababu ana miaka themanini: amepimwa, tifo imeonekana, amechomwa sindano kumi.

Mtoto wa dada yangu alishikwa na homa za jioni, akakonda, akawa hataki chakula. Katika zahanati moja ambayo sitaitaja, alipimwa tifo mara tatu kwa muda wa miezi michache, na mara tatu wakaiona. Mara tatu tukauza mbuzi. Mimi mwenyewe, nasema kwa aibu, ndiye niliyempeleka mbuzi wa tatu sokoni, nikamwambia dada yangu avumilie, kwa kuwa tifo ni ugonjwa mkaidi. Mwishowe tulikutana na kijana mmoja mpima damu, mtu wa maneno machache, ambaye hakuuliza habari ya tifo hata kidogo. Aliuliza: "Mama, huyu anakohoa tangu lini?" Akataka makohozi, akayapaka juu ya kioo, akayatia rangi, akayatazama kwa darubini. Vilikuwa vijidudu vya kifua kikuu, vile alivyovigundua Mjerumani Robert Koch mwaka 1882. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mtoto alizinywa miezi sita, na leo anachunga ndama. Mbuzi watatu walikwenda kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao, na ugonjwa aliokuwa nao haukudai hata mbuzi mmoja. Basi kijana yule ndiye mnayemwita mchoma vidole.

Na kipimo chenyewe cha tifo, je, mwajua ni kitu gani? Wengi hukiita Widal. Ni jina la mganga Mfaransa, Fernand Widal, aliyekitangaza huko Paris mwaka 1896. Alionyesha kwamba ukichukua maji ya damu ya mtu mwenye tifo na kuyachanganya na vijidudu vya tifo, vijidudu hushikamana vikawa mabonge madogo. Kwa siku zake lilikuwa jambo kubwa. Lakini damu ina kumbukumbu. Mtu aliyeugua tifo miaka iliyopita, maji ya damu yake yaweza kufanya mabonge hata leo. Aliyechanjwa, vilevile. Hata magonjwa mengine, na malaria ndani yake, yaweza kulidanganya jicho. Kwa hiyo kupima mara moja tu kwa Widal hakuwezi kuthibitisha kwamba homa ya leo ni tifo. Njia ya kweli ni kuchukua damu na kuiotesha, yaani kuiweka katika chakula cha vijidudu na mahali pa joto, mpaka kijidudu chenyewe kiote, kionekane, kitambulikane jina lake na dawa inayokiua. Mwenye kusoma sayansi za biomedikali ajua hayo. Asiyeyajua huandika alama ya msalaba kwenye karatasi, nayo karatasi huuzwa, na mama maskini hurudi nyumbani na mfuko wa vidonge.

Msidhani kwamba kuotesha damu ni mambo ya Ulaya tu. Katika nchi yetu hii, huko Kisantu, katika hospitali ya Mtakatifu Luka, ambayo ni hospitali katoliki, wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, wakishirikiana na taasisi ya uchunguzi ya Kinshasa iitwayo INRB na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp. Wameona nini? Wameona watoto wengi wenye homa kali ambao damu yao ina vijidudu vya jamii ya tifo lakini si tifo yenyewe, navyo huua upesi, tena vimekwisha kuzoea dawa nyingi za kawaida. Mtoto kama huyo ukimpa dawa ya dukani kwa kubahatisha, umempa maji. Kila mara tunapokunywa dawa hizo bila sababu, twavifundisha vijidudu kuzishinda. Ndiyo matunda ya ile hekima ya "ugonjwa twaujua."

Jambo moja hunishangaza sana. Sisi ni watu wa ng'ombe. Maziwa yetu hushuka Goma kila siku, na fromaji ya Masisi yajulikana mbali. Ng'ombe akitupa mimba, twamwita mganga wa mifugo, twauliza kwa makini, twamtenga na wenzake. Mwenye ng'ombe mwenyewe akipata homa isiyokoma na maumivu ya viungo, twasema tifo. Kumbe kuna ugonjwa mmoja, jina lake bruselozi, ambao humfanya ng'ombe atupe mimba na kumpa mtu homa hizo hizo, nao hupita katika maziwa yasiyochemshwa! Mwingereza David Bruce alikiona kijidudu chake huko Malta mwaka 1887, na mwaka 1905 ikajulikana kwamba askari walikuwa wakiupata kwa maziwa ya mbuzi. Sisemi mashanza yetu ni sumu. Nasema kwamba katika parokia ya wafugaji ingefaa awepo mtoto mmoja ajuaye mambo hayo kwa elimu, awe wa kwetu, aseme Kihunde na Kinyarwanda, na watu wamsikilize kama mtoto wao.

Wenye umri wangu wakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma na kipindupindu kikawamaliza kwa maelfu. Kwa macho kilikuwa ni kuharisha tu. Baada ya kipindupindu likaja tumbo la kuhara damu, na kwa macho ni kuharisha vilevile. Lakini wa kwanza aokolewa hasa kwa maji yenye chumvi na sukari, na wa pili ataka dawa ya kumuua kijidudu, tena kijidudu chenyewe siku zile kilikuwa kimezoea dawa za kawaida. Nani aliyewatenganisha? Watu wa darubini. Na juzi-juzi, mwaka 2024, mpox ilipoingia katika kambi za kandokando ya Goma, vipele vilitutisha sote. Je, ni mpox? Ni tetekuwanga? Ni surua? Mama mwenye mtoto mwenye vipele ndani ya hema la watu kumi hahitaji kubahatisha. Ugonjwa ule ulikuwa wa tawi jipya, lililotambuliwa kwa wagonjwa wa Kamituga, Kivu ya Kusini, tangu Septemba 2023, na waliolitambua wamo wana wa nchi hii. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likautangazia ulimwengu hatari. Ulimwengu mzima ulingoja neno la wachoma vidole.

Sasa niwaambie habari ya Yambuku, kwa sababu ni habari ya Wakatoliki, nayo yatuhusu kuliko zote.

Mwishoni mwa Agosti 1976 mwalimu mmoja wa shule ya misheni alifika na homa katika hospitali ya misheni ya Yambuku, huko Ekwateri. Wakadhani ni malaria. Wakamchoma sindano ya klorokini. Hospitali ile ilitunzwa na masista Wabelgiji, wanawake wa sala na wa kazi, walioacha kwao ili wahudumie watu wetu. Nani atawalaumu moyo wao? Lakini kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa nje, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya moto, basi. Ugonjwa haukuwa malaria. Watu 318 walishikwa, wakafa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, na masista wamo. Ni kweli kwamba siku zile hapakuwa na mtu duniani aliyeujua ugonjwa ule, ambao baadaye uliitwa Ebola. Lakini hatari ya sindano chafu ilikwisha kujulikana zamani. Pale palikuwa na upendo usiopungua, na upendo huo ulipita kwa sindano ukaua. Mara nyingi nimelifikiri jambo hili nikiwa kanisani, wala sijapata kulizoea.

Nani alikwenda kutazama? Alikwenda Mkongo, Jean-Jacques Muyembe. Huyu ni mwana wa wakulima wa Bandundu, aliyefundishwa katika shule za Wayesuiti, akasoma uganga Lovanium, chuo kikuu katoliki kilichofunguliwa mwaka 1954 pale Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kisha akaenda Leuven akapata udoktori katika elimu ya virusi. Alipofika Yambuku alidhani pengine ni tifo. Mwaona? Hata yeye! Lakini tofauti yake na sisi ni kwamba yeye hakutulia juu ya dhana yake. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, akashangaa kuona mahali alipochoma panazidi kuvuja, naye hajapata kuona tifo ya namna ile. Akamshawishi sista mmoja mgonjwa arudi naye Kinshasa, damu ikachukuliwa, ikatiwa katika chupa ya themosi, ikapelekwa Antwerp, na huko kijana Peter Piot na wenzake wakaiona virusi ambayo hakuna aliyekuwa amepata kuiona.

Mwaka 1995 ugonjwa ule ule ukatokea Kikwit. Muyembe akawapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Wakapona saba. Wageni wengi walilipokea jambo hilo kwa mashaka. Yeye hakuacha. Miaka ikapita, na kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit wakapata kinga ambayo ikafanywa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa wapi? Kwetu, Kivu ya Kaskazini, Ebola ilipoanza Mangina Agosti 2018 na kusumbua Beni na Butembo mpaka Juni 2020, wakapatikana wagonjwa 3,470 na kufa 2,287. Katika waliopewa dawa hiyo walikufa 35 kwa 100 hivi, na waliowahi kufika mapema walikufa wachache zaidi. Yambuku walikufa karibu 9 kwa 10. Tangu Desemba 2020 imeruhusiwa huko Marekani kwa jina la Ebanga.

Basi nawauliza wazee wangu, kwa heshima yote: kama siku ile wazee wa kijiji cha Muyembe wangemwambia baba yake, "Miaka hiyo yote! Mwuzie pikipiki, afanye kazi," leo tungekuwa na nini cha kuwapa watu wa Beni?

Mtaniambia kwamba yeye ni mganga kamili, bali binti yetu aweza kukwama katikati. Hapa ndipo penye kosa la watu wengi, nami nililikuwa nalo mpaka nilipoulizia. Katika nchi yetu mpango wa zamani ulikuwa hivi: aingiaye kitivo cha uganga husoma kwanza miaka mitatu ya sayansi za biomedikali, apate cheti cha graduat, ndipo aingie miaka ya udaktari. Siku hizi mpango mpya wa LMD umebadili majina ya ngazi, lakini mlango wa kwanza ni ule ule. Kwa hiyo watu wameihesabu miaka mitatu ile kama ukumbi wa kungojea. Aliyetoka nayo bila kuendelea, wamwita aliyeshindwa. Loo! Katika miaka ile amejifunza viungo vya mwili na nyama zake chini ya darubini, kazi ya moyo na figo, kemia ya damu, vijidudu, minyoo, dawa na jinsi zinavyofanya kazi. Mtu huyo aweza kuongeza masomo ya kupima damu, au ya dawa, au ya afya ya watu wote. Aweza kufundisha biolojia katika sekondari zetu, ambazo walimu wa biolojia zinawatafuta kwa taa. Pale Goma ipo labo ya INRB, ambayo haikuwapo Ebola ilipoanza. Ndani yake kuna kazi ambazo daktari wa hospitali hazijui.

Na ni nani aliyetupa milango ya kuingilia? Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, huko Butembo, kilianzishwa mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko pamoja na watu wake, na mwaka ule ule Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kikaanza. Vyote viwili hufundisha uganga. Watu wa Butembo hawakuwa matajiri kuliko sisi. Walileta mbao, walileta mawe, walileta maharagwe. Sisi twaleta methali.

Nikisema hivyo vijana wanacheka, wakidhani mzee yuko upande wao. Msicheke. Ninyi nao mna deni. Wengi wenu huingia sayansi za biomedikali kwa ajili ya koti jeupe na picha ya kuweka kwenye simu, ili mwite na mwitwe "Docteur" tangu wiki ya kwanza, nanyi hamjui bado kutofautisha ini na wengu. Mwanafunzi anakariri madaftari ya mwaka uliopita, anapita mtihani, na darubini hajaigusa. Akishindwa anarudi kijijini na koti lile lile, afungua duka la dawa, na sasa yeye ndiye anayeuza ile tifo ninayoisema! Mwenye elimu nusu na duka zima ni hatari kuliko mfumu, maana mfumu angalau kila mtu ajua kuwa anabahatisha. Kadhalika wenye vyuo: mahali panapopokea mamia ya watoto, pakachukua minervali yao, na darubini zao zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hapo si chuo, ni soko. Mzazi anayo haki ya kuuliza kabla ya kulipa: "Labo yenu iko wapi? Nionyesheni." Aulize bila haya, kama anavyomfungua ng'ombe kinywa kabla ya kumnunua.

Kuna na wale waliokuja kwangu pembeni, kwa sauti ya chini, wakasema kwamba wanaosoma sana habari za mwili humsahau Mungu. Kwa hao sitapoteza wino mwingi. Mmonaki Gregor Mendel aliotesha njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, na kazi yake iliyochapwa mwaka 1866 ndiyo msingi wa elimu yote ya urithi wa damu. Giuseppe Moscati wa Napoli, mganga na mwalimu wa kemia ya mwili, alitangazwa Mtakatifu mwaka 1987. Jérôme Lejeune, Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1959 chanzo cha ulemavu wa watoto wenye trisomia 21, ametajwa Mheshimiwa mwaka 2021. Tena fungueni Biblia yenu, kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, msome yaliyoandikwa juu ya mganga na juu ya dawa zitokazo katika ardhi. Ndugu zetu Waprotestanti hawana kitabu hicho katika Biblia yao. Sisi tunacho, nasi hatukisomi.

Bali hofu yaweza kuua. Tarehe 19 Aprili 2019, katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo, watu wenye silaha walimpiga risasi Richard Mouzoko, mganga kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kusaidia katika vita dhidi ya Ebola, akafa. Kabla ya risasi yalitangulia maneno: ati hao wapima damu ndio wanaoleta ugonjwa, ati wanauza damu, ati ni biashara. Maneno kama hayo huanzia nje ya kanisa, baada ya Misa, watu wakicheka. Mzee aliyesema "mchoma vidole" hana nia mbaya, najua. Lakini mtoto aliyekuwa amesimama nyuma yake alisikia.

Limebaki lile la ng'ombe na la kuolewa. La ng'ombe nalielewa. Vita vimetula. Wapo walioondoka Mushaki na ng'ombe arobaini, leo hawana hata mkia. Si haki kumwambia mtu wa namna hiyo ati hapendi elimu. Walakini nilihesabu. Mwaka huu katika shirika letu tumechanga kwa arusi tatu, na katika arusi mojawapo bia peke yake ililiwa na fedha ya kumlipia mwanafunzi. Hakuna aliyeuliza siku ile kama faida itakuwa ya ukoo mwingine. Na hilo la kuolewa mbali, jamani, ugonjwa hauulizi ukoo. Akiolewa Rutshuru na kupima damu ya watu wa Rutshuru, je, Kristu atakasirika? Tena yeye mwenyewe, nilipomwuliza, alinijibu akitazama chini: "Baba mdogo, nataka kurudi hapa hapa. Kambini niliona watoto wanapewa dawa ile ile kwa magonjwa mbalimbali, na mmoja alikuwa mdogo wangu." Sikumwuliza zaidi. Mdogo wake twamkumbuka katika Misa ya wafu.

Nimezungumza na Padri Paroko. Amekubali Jumapili ya tatu ya mwezi kuwe na sanduku dogo karibu na mlango, mbali na sadaka, na daftari ambamo kila kitu kitaandikwa, fedha, maziwa au mbuzi, ili mtu yeyote aweze kukisoma. Binti naye ametia sahihi kwamba kila mwisho wa mwaka ataleta matokeo yake mbele ya shirika, mazuri au mabaya, na kwamba akikomea miaka mitatu atarudi kufanya kazi kwa ile miaka mitatu. Mbuzi wangu jike, yule mwenye baka jeupe, nimekwisha kumwandikisha ukurasa wa kwanza. Mzee aliyenisimamia Kipaimara alipita, akausoma ukurasa kwa muda mrefu, akaniuliza kama kalamu ninayo.